Mfuko Usiohesabiwa

Wifi yangu Emerensiana hutembea na nyumba yake yote kiunoni. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana hata yeye nimemwambia. Chini ya sketi na khanga huvaa gagulo alilolishona kwa mkono, na ndani ya gagulo hilo kuna mifuko, kila mmoja wa kitambaa chake. Wa chakula ni wa kitenge. Wa shule ni wa kaki, kipande kilichobaki kwenye sare ya binti yake, Adela. Wa shamba ni wa gunia la katani. Unamkwaruza paja mpaka limeota sugu, lakini hataki kuubadilisha, anasema fedha ya shamba lazima ijikumbushe. Wala hana haja ya kuangalia. Anaingiza mkono, vidole vinasoma kitambaa, anatoa noti anayoitaka.

Anauza uji wa ulezi na maandazi pale Majengo, asubuhi, wakati baridi ya Sumbawanga imemkunja kila mtu na hakuna anayebishana bei ya kikombe. Jioni akirudi nyumbani Malangali hujifungia chumbani na kugawa. Mumewe Fabiani, ambaye ni kaka yangu tumbo moja, ni fundi mwashi, na fedha ya fundi huja kwa mafungu: leo hana hata ya chumvi, kesho ana ya kununua mbuzi. Kabla hajaoa zilikuwa zikimpitia mikononi tu. Emerensiana ndiye aliyezituliza. Siku hizi kaka yangu akilipwa anazileta zote, anaziweka kitandani, halafu anakaa kwenye kigoda kutazama mkewe akizipeleka kila moja kwake.

Kanuni ya mama huyu ni moja, mfuko haukopi mfuko. Nimelala kwao mara nyingi na nimekunywa uji usio na sukari huku ada ya muhula mzima iko hapo hapo kiunoni mwa mpishi. Mimi nauza mitumba. Mwaka mmoja nilipata belo zuri la makoti kwa bei ya kutupa, nikaenda kumwomba aniongezee kidogo. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba hana mfuko wa makoti. Nilimnunia mwezi mzima. Makoti yale aliyachukua mwenzangu wa kibanda cha pili, akapata faida mbele ya macho yangu.

Kwa sababu ya ukali huo huo jumuiya yetu ya kanisa ilimkabidhi mfuko mweusi, naye akaushonea ndani ya gagulo hilo hilo. Kila Jumamosi alfajiri tunasali kwenye nyumba mojawapo ya mtaa, na sala ikiisha tunapita mbele ya Emerensiana ngumi zimefungwa, kila mtu anadondosha alichojaliwa. Mwenye mia tano na mwenye elfu tano ngumi zao zinafanana, hakuna wa kumcheka mwenzake. Hiyo ni fedha ya msiba. Ni ya jeneza, ya chakula cha waombolezaji, ya gari kama mtu anazikwa kijijini kwao.

Na fedha hiyo haihesabiwi mpaka mmoja wetu afe. Ndivyo tulivyoikuta. Ukiihesabu unamwita mwenyewe, yaani maiti wa kuitumia. Mama aliyeutunza mfuko kabla ya Emerensiana aliwahi kuihesabu, ati ajue kama inatosha, na kabla ya Jumamosi iliyofuata mkwe wake alikuwa ndani ya sanduku. Vijana walituambia tuiweke kwenye simu. Akina mama wakakataa. Kwanza makato, pili simu inahesabu yenyewe na kukutangazia salio hata hujaliuliza. Mimi ni mtu wa sokoni, nahesabu kila kitu mpaka vifungo vya mashati, lakini fedha ile sikuwahi kutamani kuihesabu.

Kwa hiyo mifuko yote Emerensiana aliijua mpaka shilingi ya mwisho, isipokuwa mmoja. Kaka yangu akauchagua huo.

Alikuja kibandani kwangu mwezi wa nane, siku ya upepo na vumbi, akakaa juu ya nguo kofia ikiwa mkononi, na nikajua kuna jambo. Akaniambia yote kwa mara moja. Mfanyabiashara wa mahindi aitwaye Mbonile, mtu wa Mbeya aliyehamia huku, alimpa kazi ya kujenga fremu za maduka. Sharti lake lilikuwa fundi aanze kwa gharama zake mwenyewe, saruji na mirunda, halafu atarudishiwa kila kitu pamoja na ufundi wake, Mbonile akishauza mahindi aliyoyarundika Laela. Kazi kubwa namna ile Fabiani hakuwahi kuipata. Alijua akimwambia mkewe, ataambiwa nyumba hii haina mfuko wa Mbonile. Basi asubuhi moja, Emerensiana akiwa anaoga uani, alilishusha gagulo msumarini, akatoa noti kubwa zote za mfuko mweusi, akajaza vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji vilivyokunjwa, na juu yake akaacha noti ndogo ndogo.

Alijiambia ni wiki chache tu. Alijiambia mtaani hakuna mgonjwa. Sasa kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, Mbonile hajatoa hata senti, na asubuhi ile ile Bibi Bertilla, jirani yao wa mbele, alikuwa ameanguka bombani na kubebwa ndani.

Nilimpa kaka yangu maneno ambayo mama yetu angefufuka kunichapa kwa kuyasema. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiri nani ataitwa mwizi siku ile mfuko utakapofunguliwa. Anayelivaa gagulo si yeye. Akajibu kwamba anajua.

Maana Emerensiana hana mali. Ana jina. Watu wa Majengo wanapokea chenji yake bila kuihesabu, na mwenye duka la unga humwachia ufunguo anapokwenda msikitini. Mtu akiiba kuku mtaani kwetu atapigwa, atalia, na baada ya mwaka tutamsahau. Mtu akiiba fedha ya maiti hakuna atakayekunywa uji wake tena maisha yake yote, na mtoto wake ataoneshwa kidole mpaka aolewe mbali. Hilo ndilo lililokuwa linamngoja wifi yangu, naye alikuwa Majengo anakoroga uji.

Nilimpa Fabiani kilichokuwa kibandani siku hiyo. Hakikutosha hata misumari ya jeneza. Kisha nikafunga kibanda, tukaenda wote kwa Mbonile. Ni mtu mpole, huwezi kumchukia ukiwa mbele yake, kila mtu humwita ndugu yangu, ndugu yangu. Alituagizia soda. Akatueleza kwamba bei ya mahindi Laela bado imelala, na kuuza sasa ni kutupa, tuvumilie kidogo itapanda. Mahindi hayaozi, akasema. Fabiani akamwambia kuna mtu anaumwa sana. Mbonile akatoa pole, akauliza ni nani wetu, na aliposikia ni jirani tu akarudi kwenye simu yake. Niliondoka soda sijaigusa.

Bibi Bertilla alikuwa mjane. Mwanawe mmoja, Adolfu, alikuwa Mpanda kwenye shughuli zake, na simu yake ilikuwa imezimwa mara nyingi kuliko ilivyokuwa imewashwa. Hospitali walimpima, wakampa dawa, wakasema moyo umechoka na umri umekwenda, apumzike nyumbani. Sisi wanawake wa jumuiya tukapanga zamu. Lakini kila aliyefika kwa zamu yake alimkuta Fabiani ameshatangulia. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi alipeleka uji. Mchana aliacha matofali, akaja kumgeuza ubavu. Alimfulia mashuka, mwanamume yule ambaye nyumbani kwake hajui beseni linakaa wapi. Dawa zikiisha alikimbilia duka la dawa na viatu vyenye saruji.

Mtaa mzima ukamsifu. Mama Fortunata, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alisimama Jumamosi moja akawaambia wanaume wajifunze kwa Fabiani. Kaka yangu akainamisha kichwa. Watu wakaona ni unyenyekevu, mimi nikaona ni mtu anayetafuta pa kuficha uso. Emerensiana mwenyewe alininong'oneza tukiwa tunatoka kwamba hakujua ameolewa na mtu mwenye huruma hivyo. Jioni hiyo, wifi yangu yule wa uji bila sukari, alitoa fedha ya kuku kwenye mfuko wa kitenge, mumewe ampikie mgonjwa supu. Nilishindwa kumtazama. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo liliniuma kuliko mengine.

Siku ya supu hiyo nilikuwa kwa Bibi Bertilla, nakamua vitambaa. Fabiani alikuwa anamnywesha kwa kijiko, macho yake hayatoki kifuani pa yule mama, kinapanda, kinashuka. Bibi akausukuma mkono wake. Akamuuliza kwa Kifipa anataka nini kwake. Akasema mtoto wa kumzaa mwenyewe hajamletea hata chumvi, sasa huyu fundi wa watu anampikia kuku kwa sababu gani, na nyumba hii ni ya tope, haina cha kurithi. Kaka yangu akaweka kijiko chini. Halafu akalia. Akamweleza kila kitu, saruji, gagulo, Mbonile, karatasi, na mimi nikarukia mlango kuufunga.

Nilitegemea laana. Yule mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimwinue.

"Kumbe unanihesabia pumzi," alisema alipotulia. "Basi sifi. Nenda kalipwe kwanza."

Tangu siku hiyo likawa jambo letu watatu. Asubuhi Fabiani akiingia na uji, Bibi anauliza kama amelipwa. Bado, mama. Haya, lete huo uji. Na anaunywa wote, hata siku ambazo niliona kabisa kwamba kila funda linamkwaruza koo. Alikula kama mtu aliyepewa kazi ya kumaliza. Watu walishangaa. Mtu ambaye tulikuwa tumeshamwitia padri kumpaka mafuta, mwezi wa tisa ukapita yupo, mwezi wa kumi ukaingia yupo. Miguu ilivimba. Usiku halali, mchana anasinzia na kushtuka. Lakini anauliza swali lake, anapata jibu lake, anakunywa uji wake.

Fabiani alimaliza zile fremu, akapiga na lipu. Mbonile akazisifu sana, akaenda Laela. Kaka yangu akapanda basi kumfuata. Alirudi jioni ananuka vumbi la mahindi. Aliyakuta magunia yamefika kwenye bati la ghala na Mbonile ameketi kando ya mizani, akamrudishia nauli na kumwahidi mwisho wa mwezi. Kila mwisho wa mwezi ulikuwa na mwezi mwingine nyuma yake.

Jumamosi moja, baada ya sala, Mama Fortunata akatoa hoja. Akasema tunakaa tumeikumbatia fedha tunamngojea maiti, na mtu tunaye hai anateseka. Tuufungue mfuko mweusi leo, tukodi gari, tumpeleke Bibi Bertilla hospitali kubwa Mbeya. Watu wakaitikia. Ilikuwa hoja nzuri, hata mimi kama nisingejua wasiyoyajua wengine ningeipigia makofi. Nikamtazama kaka yangu. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye baridi ile. Mkono wa Emerensiana ulishafika kiunoni, na mimi nikijua kwamba akiupindua mfuko ule tu, yameisha.

Mkono ukasimama. Emerensiana akasema hapana. Akasema fedha ya msiba ni ya msiba na haifunguliwi kwa mtu anayepumua. Kama ni safari, tuanzishe mfuko wa safari sasa hivi, na yeye anaanza. Akatoa noti kwenye kitenge, akaiweka mkekani. Watu wakanung'unika kidogo, mmoja akasema huyu mama ana roho ya jiwe, halafu wakachanga. Roho ile ile iliyoninyima makoti ndiyo iliyotuokoa asubuhi hiyo, na sikujua nicheke au nilie.

Tulipompelekea Bibi habari ya safari alikataa katakata. Akasema hana mpango wa kufia njiani, na tena ana shughuli yake hapa hapa haijaisha. Mama Fortunata alidhani anazungumzia rozari. Zile fedha zilinunua dawa za maumivu.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kujikusanya, watu wakachoma majani mashambani, na moshi ukatanda Ufipa yote. Mfuko wa katani wa Emerensiana ulikuwa umekaribia kujaa. Walikuwa wanakodi shamba upande wa barabara ya Laela, na mwenye shamba alitaka fedha yake mkononi kabla ya mvua, maana matajiri wa maharage nao walikuwa wanalimezea mate. Bibi Bertilla wakati huo hakuweza tena kumeza. Uji ulikuwa unarudi pembeni mwa mdomo. Kumgeuza tu alikuwa anaguna, mtu ambaye hakuwahi kulalamika. Dawa za maumivu zilikuwa zinamfikia nusu ya safari na kuishiwa nguvu.

Asubuhi hiyo Fabiani aliingia na kikombe kama kawaida. Nilijua hajalipwa, kwa sababu jana yake nilikuwa naye kwa Mbonile na tulikuta mlango umefungwa. Akakaa kwenye kigoda. Sauti ya Bibi ilikuwa haipo, midomo tu ndiyo iliyomuuliza.

Kaka yangu aliitazama midomo ile.

"Nimelipwa, mama," akasema. "Jana jioni. Nimezirudisha zote."

Bibi Bertilla akageuza macho kwangu. Alikuwa anataka shahidi, mama yule hakuwa mjinga. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na nilikuwa naona macho yale yananisubiri. Nikatikisa kichwa kukubali. Akashusha pumzi. Akaonyesha kwa kidole kwamba tumwondolee mto alale sawasawa, na kikombe akakikataa.

Nilimburuta Fabiani kwa shati mpaka uani, nikamuuliza kama ameshikwa na wazimu, kama anajua amefanya nini, kama anamchukia mkewe kiasi hicho. Alichukua mwiko wake wa kujengea akaondoka.

Bibi Bertilla alikufa kesho yake kabla ya jua kuzama, Adolfu akiwa bado yuko njiani kutoka Mpanda.

Wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye magogo ya moto. Tulilia, tukasali, na asubuhi ilipokucha Mama Fortunata akasema sasa mfuko. Mfuko ule ukifunguliwa huwa kuna ukimya wa namna yake, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, na kila mtu anajua alichotia. Emerensiana alikuwa katikati yetu. Alivuta khanga pembeni, akaingiza mkono. Niliomba bati lituangukie sote.

Mlango ukatiwa giza na mtu. Fabiani aliingia, na viatu vyake, katikati ya wanawake. Kwetu mwanamume haingii pale.

"Mama Adela, usiufungue," akasema. "Humo hamna kitu. Nilichukua mimi, na yeye hajui. Ndani nimeweka karatasi."

Mtu mmoja karibu na ukuta akanong'ona kwamba mke na mume wanalala kitanda kimoja, atakosaje kujua. Fabiani akamsikia. Basi akaeleza, bila kuruka kitu, lini, na gagulo lilikuwa wapi, na Emerensiana alikuwa anaoga, na fedha zilikwenda kwa nani. Angeweza kuishia hapo. Akaongeza kwamba hata supu na uji na mashuka, alivifanya kwa sababu hiyo, ili mama asife kabla hajalipwa, na wasimsifu tena. Wanawake waliokuwa wamemtolea mfano kwa waume zao wakaziba midomo kwa khanga. Mama Fortunata akamwambia atoke. Ikabidi amwambie tena.

Emerensiana hakulia na hakumtazama. Alisimama, akafungua kamba ya gagulo chini ya khanga, likaanguka, akalitoa miguuni na kulitandika mkekani mbele ya kila mtu. Alianza na mweusi. Karatasi zikatoka, na zile noti ndogo, na michango ya Jumamosi zilizofuata. Kisha akapindua kitenge. Akapindua kaki. Mwisho akapindua katani. Fedha zote zikachanganyika pale chini, ya ada na ya chumvi na ya shamba, na sikuwahi kuziona zimechanganyika.

"Hesabuni," akasema. "Mkifika kinachotosha kumzika, mseme."

Walihesabu. Walipofika kinachotosha, mkekani kilibaki kiasi cha sukari na sabuni. Hakuna aliyenong'ona tena, na yule wa ukutani alikuwa wa kwanza kumsaidia Emerensiana kulikunja gagulo. Jina lake lilibaki zima. Alilinunua kwa shamba. Mwisho wa mwezi mwenye shamba alimpa mtu mwingine, na msimu ule wifi yangu, Mfipa asiyewahi kula unga wa dukani, alinunua unga kwa kilo kama mpangaji. Mbonile alikuja kulipa, ndiyo, kidogo kidogo, wakati mahindi ya mtu mwingine yameshafika magotini kwenye lile shamba.

Bibi Bertilla tulimzika vizuri. Jeneza zuri, Misa, chakula cha kutosha kila mtu. Adolfu alimshukuru kaka yangu mbele ya kaburi kwa kumtunza mama yake, hakuna aliyekuwa amepata moyo wa kumwambia. Fabiani alikuwa mmoja wa wachimbaji. Kawaida wachimbaji hupokezana jembe, mtu akichoka mwenzake anashuka. Siku ile hakuna aliyempokea, akachimba mpaka kichwa chake kikapotea ndani.

Baada ya hapo Emerensiana hakusema naye. Alipika, akaweka chakula, akatoka nje. Akitaka jambo alimtuma Adela. Nilibaki kwao mpaka tulipoanua matanga, na kila jioni ilikuwa hivyo, kaka yangu amekaa jikoni kwenye kigoda mbele ya sahani, anajinawia mwenyewe mikono aliyozoea kunawishwa na mkewe, anakula kama mtu anayeomba samahani kwa kila tonge. Na mimi bado nilikuwa nimemkasirikia. Niliona kama jipu limepasuliwa nusu. Jioni moja, wote watatu tukiwa jikoni, nikalimalizia. Nikamwambia wifi yangu kwamba hayo aliyoyasikia msibani si yote. Yule mama aliahidi kutokufa mpaka Fabiani alipwe, alijua kila kitu, na alikuwa anashikilia roho yake kwa ajili hiyo. Na huyu, hajapata hata senti, akamdanganya kwamba amelipwa. Nikasema mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kuthibitisha. Angefunga mdomo tu, pengine mama angevuta mpaka Mbonile aanze kutoa, na shamba lingekuwepo.

Emerensiana aliweka mwiko chini. Akamgeukia mumewe kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ulimwambia umelipwa?"

"Ndiyo."

"Na ulijua atakufa."

"Nilijua."

"Kwa nini sasa, Baba Adela?"

Kaka yangu alivua kofia, akaiweka gotini.

"Alikuwa amechoka," akasema. "Alikuwa ananisubiri mimi."

Emerensiana alimtazama. Kisha akainuka, akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele ya kigoda, akaanza kumnawisha mikono. Mimi nikatoka nje, nikalia, na si mtu wa kulia.